Wifi na Mashine ya Sisimizi

Wifi yangu ana maringo. Naliweka wazi mapema, msije mkadhani namsifu kwa sababu ni dada wa mume wangu. Ana maringo, ana mdomo, na akiamua kukupa vidonge vyako utatafuta pa kuficha uso. Lakini kwa ufundi, jamani, yule mwanamke namvulia kofia, na mimi si mtu wa kuvua kofia ovyo.

Yeye ni fundi wa televisheni na redio, mimi ni seremala. Baba mkwe alipofariki alituachia karakana moja, chumba kirefu chenye mlango wa bati, akatuusia tukae humo kwa amani. Amani ipi? Mbao zangu zinatoa vumbi, vumbi linaingia kwenye televisheni zake. Yeye akiyeyusha risasi ya kuungia nyaya, moshi unakuja kukaa kooni mwangu. Dirisha lifunguliwe, dirisha lifungwe, huo ndio wimbo wetu wa kila asubuhi. Na sifichi, upande wake wa chumba nilikuwa nimeutolea macho siku nyingi. Pale penye mwanga mzuri ndipo palipofaa meza yangu ya kuunganishia milango, si yale marundo yake ya redio zilizokufa.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Hakuniambia, wifi hawezi kusema jambo kama hilo. Niliona mwenyewe. Alianza kunywa chai akiwa amenipa mgongo, na kikombe hakijai. Wateja wakileta kazi ndogo ndogo za kuunga waya, anawaambia amebanwa, waende kwingine, na mimi namwona amekaa tu anafuta vumbi kwenye kipimo cha umeme. Siku moja mume wangu akanitonya kwamba dada yake alikwenda kwa daktari, akaambiwa ugonjwa huo haumlazi kitandani lakini mikono ndiyo basi, haitatulia tena. Nilikuwa na maneno mengi ya kumtania wifi yangu, lakini hilo sikulitia mdomoni.

Ndipo akaja Bingwa na mkokoteni wake.

Bingwa ni mtu mzima mwenye mvi, ila jina la ujanani limemganda. Zamani alikuwa msimamizi wa ukumbi wa gemu, zile mashine kubwa za kusimama mbele yake, kabati la mbao lenye kioo juu, kijiti cha kuongozea na vitufe viwili. Ukumbi ulifungwa, paa likaanguka, mafuriko yakaingia, mashine zote zikaenda kwa wauza vyuma chakavu isipokuwa hii moja. Alipoifunua turubai nikapiga mluzi. Sehemu ya chini ilikuwa imeoza hadi unaweza kuichimba kwa kidole. Mchwa walikuwa wamepanda ubavu mmoja mpaka kwenye kioo. Ubavu wa pili ulikuwa na picha ya sisimizi amebeba punje ya nafaka kichwani, rangi imevimba na kubanduka, sisimizi amebaki na miguu mitatu. Nilipofungua mlango wa nyuma, panya akatoka anatutazama kama sisi ndio tuliovamia kwake.

"Shikamoo, Mama Fundi," Bingwa akamwambia wifi. "Nimezunguka mji mzima. Mafundi wote wameniambia nikaichome kuni."

"Marahaba. Wote?" wifi akauliza. "Wote, na mimi nikiwemo?"

Nikajua kwisha habari yetu. Ukitaka wifi yangu aingie moto, mwambie wenzake wameshindwa. Akamwambia Bingwa aiache hapo. Bingwa akaigusa mashine ubavuni, akasema huo ndio mchezo aliojifunza nao uvumilivu, maana sisimizi anapaswa kuvuka katikati ya miguu ya tembo akirudisha punje nyumbani, na tembo hawana habari naye. Akaondoka akigeuka geuka nyuma.

Alipotokomea, wifi akavuta kiti, akakaa mbele ya lile gofu. Mikono ameificha chini ya aproni.

"Wifi," akaniambia, "nakupa habari njema. Hii ikinishinda, nafunga. Nitauza vyombo vyangu, nitakuachia chumba chote, utandaze mbao zako mpaka mlangoni."

"Acha utani."

"Sitanii. Fundi asiyeshika kazi ni mzigo. Hii ndiyo itaniambia mimi ni nani sasa."

Ningepaswa kuruka kwa furaha, si ndiyo? Chumba chote! Nilirudi kwenye meza yangu nikashika randa, nikairanda mbao iliyokuwa imekwisha kurandwa.

Tukagawana kazi. Kabati ni langu, nyaya za tumboni ni zake. Nililivua lile kabati ubao kwa ubao, nikapima kila pembe kabla haijamomonyoka mikononi. Aliyelijenga zamani alikuwa hodari, sina budi kusema. Kona zake zilishikana kwa ulimi na tundu, hakuna msumari uliopigwa kwa uvivu. Nikakata mbavu mpya kwa mbao kavu, ule ubavu wa sisimizi nikauokoa kwa kuuchanja mgongoni na kuubandika kwenye plaiwudi mpya, nikaubana kwa vibano vyote nilivyonavyo. Nilipomaliza, kabati lilikuwa limekazana, huwezi kupitisha hata unywele kwenye maungio. Nililigonga kwa vifundo vya vidole, likajibu kwa sauti moja. Nikampigia makofi seremala, yaani mimi.

"Zuri," wifi akasema bila kuinua macho. Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Lakini niwaambie nilichokiona upande wa pili wa chumba. Kwanza kabisa alinikataza kugusa kile kioo kirefu cha picha. "Hicho kimekaa miaka bila umeme na bado kinaweza kukurusha ukutani," akasema. Akanielekeza nifunge waya kwenye bisibisi, ncha moja niishikize kwenye chuma cha fremu, nyingine niipenyeze chini ya kofia ya mpira iliyobandikwa mgongoni mwa kioo, mkono mmoja mgongoni. Kikalia ta! Nikaruka. Yeye akavunjika mbavu kwa kucheka.

Kisha akaanza kuipekua bodi ya umeme iliyokuwa tumboni mwa mashine. Betri ndogo iliyokuwa imeungwa pale ilikuwa imetapika tindikali, na tindikali ikala njia za shaba mpaka bodi ikawa kijani kama bwawa lililolala. Mtu mwingine angetazama akafunga macho. Wifi naye alifunga macho, lakini ili anuse. Aliinusa bodi ile pole pole, kona kwa kona, kama mtu anayenusa sufuria kujua nani aliunguza. "Hapa maji tu," akasema. "Hapa betri. Hapa paliungua kabla ya mafuriko, mtu akafanya kazi ya kulipua." Tukageuza, na kweli, kulikuwa na waya wa kuungwa vibaya, umefunikwa na gundi. Akaweka sikio kwenye transfoma, akaniambia niwashe, nizime, niwashe. "Nzima. Inalalamika lakini nzima." Mimi nilisikia mvumo tu, mvumo kama wa friji yoyote. Yeye alikuwa anasikia mtu anazungumza.

Alizichora njia zote za shaba zilizoliwa, kwa kichwa. Alikaa akaitazama bodi mpaka nikadhani amesinzia, kisha akaanza kunionyesha kwa ncha ya kijiti cha meno: umeme unaingia hapa, unakwenda kule, hapa umekatika, kwa hiyo utoke hapa uruke kwenda pale. Hakuna aliyempa ramani. Ramani alikuwa anaitoa kwenye mabaki. Nilijikuta nimeacha kazi yangu nimesimama nyuma yake mdomo wazi, na chai yangu imepoa.

Shida ilikuja alipowasha kichomeo cha kuyeyushia risasi.

Miguu ya zile chipu za kwenye bodi ni myembamba, imesongamana, na waya wa kuruka ni mwembamba zaidi. Akashika kichomeo kwa mkono wa kulia, akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaegemeza viwiko mezani, akabana pumzi. Nilimwona kwenye pembe ya jicho nikajitia hamnazo, nikaendelea kupiga msasa. Kiungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia kwa taabu. Kwenye cha tatu kichomeo kiliruka, kikateleza juu ya bodi, kikang'oa njia ya shaba iliyokuwa nzima. Nikausikia ule mkwaruzo mpaka kwenye meno.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Alikirudisha kichomeo kwenye kishikio chake, akachomoa waya ukutani, akainuka, akaanza kutungua vyombo vyake. Koleo moja, koleo la pili, bisibisi zake zenye mipini ya rangi alizopewa na baba yake. Anavipanga kwenye sanduku taratibu, na vyuma vinagongana mikononi mwake kwa sababu ya ule mtetemeko.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Si nilikwambia? Chumba chako hicho."

Sijui hasira ile ilitoka wapi. Nilitupa msasa chini. "Nani amekwambia nakitaka?" nikamwambia, na huo ulikuwa uongo mtupu, mtaa mzima unajua nilikuwa nakitaka. "Umeinusa hiyo bodi ukajua hata kosa la fundi wa zamani aliyeitengeneza, halafu unafungasha kwa sababu ya vidole? Vidole? Mimi ninavyo hapa kumi, vimekaa tu!"

Nikaenda nikachomeka kichomeo, nikakaa kwenye kiti chake. Nikakishika. Nilikishika karibu mno na moto, nikajiunguza, nikaruka nikimtaja mama yangu.

Nikasikia nyuma yangu: "Hiyo si patasi, we mwanamke. Shika kama kalamu."

"Basi sema niguse wapi."

"Mungu wangu, nimeletewa adhabu," akasema, lakini alivuta kigoda akakaa karibu na bega langu.

Nimefunzwa useremala na mtu mkali, lakini wifi yangu hana mfano. Kosa langu la kwanza ni kwamba nilipaka risasi kama ninavyopaka gundi ya mbao, ijae, ifurike, uifute baadaye. Akanambia nimeifanya bodi ya watu uji. Nikaifyonza yote, nikaanza upya. "Pasha moto mguu, usipashe risasi. Mguu ukiwa tayari utaivuta wenyewe." Sikuelewa. Akafikiri kidogo, akasema, "Ukitia ulimi kwenye tundu, unaupiga nyundo?"

"Hapana. Ukiwa umechongwa sawa unaingia wenyewe."

"Ndiyo hivyo hivyo."

Nikaelewa. Nikapasha mguu, nikagusisha risasi, ikatiririka ikajikunja ikang'aa. Nilitaka kugeuka nimwonyeshe, akasema geuka utikise mkono uone nitakachokufanya. Tukaenda hivyo siku baada ya siku, yeye anasema mimi naunga, mguu kwa mguu, waya kwa waya. Wakati mwingine alijua nimekosea kabla sijajua mwenyewe, kwa harufu tu. "Umechelewa kutoa," anasema, na kweli nimeunguza. Watu wanapita mlangoni wanasikia matusi wanadhani tunagombana. Kwa kweli sijawahi kuwa na raha kama ile ndani ya chumba kile.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila nikimwambia ona, inakwenda, anajibu, "Hata ikiwaka, aliyewasha si mimi." Na lile sanduku la vyombo lilibaki pale pale karibu na mlango, limefungwa.

Tukaipachika bodi ndani ya kabati langu zuri, tukapachika kioo cha picha, nikafunga mlango wa nyuma. Wifi akasema washa. Mvumo, kisha mstari mwembamba katikati ya kioo, kisha mstari ukafunguka, na hao hapo tembo! Tembo wa bluu wanatembea, bum, bum, na sisimizi mwekundu chini anasubiri. Nilipiga vigelegele peke yangu. Nikashika kijiti, nikamtoa sisimizi, akakanyagwa papo hapo. Nikamtoa wa pili, akakanyagwa. Wifi ananicheka, anafuta macho kwa pindo la aproni.

Halafu picha ikaanza kunywea. Ikasogea pembeni, tembo wakapinda, wakawa wembamba, kioo kikazimika. Tukangoja, tukawasha tena, ikaja, ikafa upesi zaidi.

Nikafa moyo. Nilijua ni mimi, kiungo changu kimoja kati ya vile vyote kimeachia, na tutakitafuta mpaka tuzeeke. Nikamtazama wifi, nikaona analitazama sanduku lake.

Lakini maringo ya mtu ni kitu cha ajabu, wakati mwingine yanamwokoa. Akanyanyuka. Akaizunguka mashine. Hakugusa kwa mkono, aliinama akaweka shavu lake kwenye mbao, ubavu huu, ubavu ule, kisha mlango wa nyuma. Pale akakaa. Akanusa kwenye maungio, akanusa tena, kisha akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

"Wifi yangu," akasema, "kabati lako haliachi hata unywele upite?"

"Hata unywele!" nikajibu kwa majivuno.

"Na hewa je? Umetujengea jeneza! Viungo vyako vizima vyote, mashine inakufa kwa joto. Imekosa pumzi."

Loo! Nilifungua mlango wa nyuma, joto likanipiga usoni kama nimefungua tanuri. Lile kabati la zamani lililokuwa limeoza lilikuwa na safu ya matundu mgongoni, na mimi kwa ujuzi wangu nikadhani ni kazi ya mchwa. Nikaziba kila kitu. Nani mwingine angefanya kosa hilo kama si seremala mwenye kiburi cha maungio? Nilichukua keekee, nikautoboa ubao wangu mzuri, tundu baada ya tundu, huku moyo unaniuma na wifi ananihesabia kwa sauti ili uniume zaidi. Tukawasha. Mashine ikapumua. Tembo wakatembea mchana kutwa.

Bingwa alipokuja alisimama mbele ya mashine, akapitisha kiganja kwenye ubavu wa sisimizi, akashika kijiti. Mwili wake ulibadilika, mabega yakashuka, miguu ikajipanga. Sisimizi akatoka, akapita katikati ya mguu na mguu, akachukua punje, akarudi nyumbani. Akatoka tena. Yule mzee alikuwa anamwendesha taratibu, bila papara, na uso wake wote unang'aa kwa ile bluu ya kioo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu akicheza gemu anaweza kupendeza kumtazama. Wapita njia wakaanza kujaa mlangoni.

Alipotosheka alikwenda nyuma, akaomba afungue aone tumbo. Akamulika tochi kwenye bodi.

"Mama Fundi," akasema, "watu walinidanganya. Walisema siku hizi huwezi, kwamba mikono imekwisha. Kazi gani hii! Kila kiungo kimetulia. Mikono yako bado, mama. Mikono yako bado."

Watu mlangoni wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Nikauma ulimi. Na mimi kuuma ulimi wanaonijua wanajua ni kazi. Nilikuwa nimeamua nimwachie. Achukue sifa yote, afungue lile sanduku, avirudishe vyombo vyake ukutani, na Mungu atanisamehe kwa kunyamaza.

Wifi alimtazama Bingwa. Akawatazama wale watu. Kisha, yule mwanamke mwenye maringo kuliko wote niwajuao, aliyekuwa ananipa mgongo ili anywe chai, alitoa mkono wake wa kulia chini ya aproni akaunyoosha mbele ya mji mzima. Ukatetemeka pale hewani, kila mtu anauona, na yeye hakuushusha.

"Mikono yangu imekwisha, Bingwa," akasema. "Hukudanganywa. Aliyeunga hivyo vyote ni huyu hapa, wifi yangu."

Bingwa akauliza, "Basi... ndiyo unafunga, mama?"

Sikuweza kumtazama. Nilitazama sakafu, machozi yakanilenga, nikasema moyoni, asijibu, jamani, asijibu.

"Nifungeje?" nikasikia wifi akisema, kwa ukali ule ule. "Mwanafunzi wangu ndiyo kwanza amejua kushika kichomeo, na bado anaziba matundu ya hewa. Nikimwacha sasa si atawaunguzia televisheni zenu?"

Mwanafunzi! Mimi, mwenye wajukuu, mwenye karakana yangu! Watu wakacheka, nami nikafungua mdomo nimtolee uvivu palepale mbele ya wageni, nimwambie mwanafunzi ni mama yake mzazi. Badala yake nililia, kwa sauti, kama mtoto, na yeye akanishika bega kwa ule mkono wake usiotulia, akaniambia ninyamaze, nawatia aibu wateja.